Sura ya Tisa: Pete Ndani ya Ganeti

Mtunza stoo wa kampuni ya handaki alikuwa na tabia ya kujibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa, na Inspekta hakupenda. Kwa uzoefu wake, mtu anayejibu mbiombio hivyo ama hana la kuficha, ama amelala na majibu yake kitanda kimoja. Na huyu, juu ya hayo, alikuwa shemeji wa mtuhumiwa.

Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa mpiga baruti wa handaki hilo, na hakuna aliyemwita kwa jina lake, wote walimwita Fundi Baruti. Handaki lilikuwa linachimbwa kupenya mlima ili kuleta maji mjini. Siku paa lake lilipoporomoka, wachimbaji watatu walibaki chini ya mawe. Kampuni haikupoteza muda kutafuta wa kumbebesha lawama. Mlima ni imara, ilisema, ila Fundi Baruti alijaza baruti kupita kiasi akautikisa mwamba usio na kasoro. Sasa alikuwa rumande, na keshokutwa asubuhi alikuwa apandishwe kizimbani kwa kuua. Mkewe alishinda kwenye benchi la kituoni, na ndugu za marehemu wakipita walimtazama kama vile yeye ndiye aliyewasha utambi.

"Hebu nieleze," alisema Inspekta, "hili sanduku linasema nini?"

Pale kituoni walimwita Mama Hebu kwa ajili ya neno hilo, na yeye alijifanya hajui.

Mtunza stoo alieleza. Kabla ya kuchimba, mashine huuchoronga mlima na kutoa mwamba wake ukiwa vipande vya mviringo, virefu, ambavyo mafundi huviita michi. Michi hiyo hupangwa kwenye masanduku ya mbao kwa utaratibu wake, kuanzia mdomo wa tundu hadi mwisho, ili mtu aweze kuusoma mlima ukiwa umelala kabla ya kuingia ndani yake. Mstari wa tatu wa sanduku hili ndio uliopita mahali palipoporomoka. Inspekta aliinama. Mwamba ulikuwa wa kijivu, mgumu, wenye vidoadoa vyekundu vya kito kiitwacho ganeti kila mahali. Hata yeye asiyejua mawe aliona kuwa ni mwamba wenye afya.

Alianza kuunganisha michi ncha kwa ncha, kama mtu anayejaribu kurudisha sahani iliyovunjika. Kwenye mstari wa kwanza na wa pili kila mvunjiko uliingia ndani ya mwenzake. Alipofika mwanzo wa mstari wa tatu, ncha zilikataana. Akajaribu mwisho wa mstari huohuo na mwanzo wa wa nne, zikakataana tena.

Aliuliza ufunguo wa stoo unakaa kwa nani. Watu watatu walikuwa nao: mtunza stoo, meneja, na mwanajiolojia wa kampuni, kijana ambaye wafanyakazi walimpachika jina la Mtaratibu.

"Na wewe ndiye uliyeleta kituoni ile ndoo ya mawe ya kijani," alisema Inspekta. "Ukasema yameanguka kutoka paani."

"Yameanguka kweli, Inspekta. Mimi mwenyewe niliyaokota."

"Na mtuhumiwa ni mume wa dada yako."

Kwa mara ya kwanza mtunza stoo hakujibu haraka. Inspekta aliyapima mambo. Mwenye ufunguo angeweza kuuvuruga mstari wa tatu ili kampuni ionekane imedanganya, na mwenye ndoo angeweza kuijaza mawe kutoka bonde lolote. Mapenzi ya ndugu yameshawafanya watu wafanye makubwa kuliko hayo. Kwa hiyo ile ndoo aliiweka pembeni. Akavaa buti za mpira na kofia ya chuma, akaingia handakini pamoja na waokoaji, na kung'oa kwa mkono wake mawe ya palepale paa lilipokatika. Yalikuwa ya kijani vilevile. Yalimeguka bila nyundo, na yalimwachia vidole utelezi kama wa sabuni iliyolala majini. Basi mtunza stoo, kwa hilo angalau, hakuwa amesema uongo.

Alitoka na mawe yake moja kwa moja hadi ofisi ya Mtaratibu.

Huyo kijana alikuwa na adabu ya kupitiliza. Aliona mikono ya Inspekta, akaleta maji na beseni, akamnawisha mwenyewe kama mkwe. Alimpa kiti kilicho mbali na jua. Kuhusu ncha kukataana, alisema si ajabu, michi husagikasagika ndani ya mashine. Kuhusu jiwe la kijani, aliligeuzageuza kiganjani, akalirudisha mezani taratibu.

"Sijawahi kuona jiwe la namna hii kwenye mlima huu," alisema.

Inspekta akamuuliza nani nje ya kampuni anaweza kulisoma. Kijana akamtajia mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, mwanamke, akasema ndiye pekee anayeaminika na pande zote. Alimtaja harakaharaka. Inspekta aliliona hilo, lakini jina lilikuwa zuri, na kila aliyemuuliza baadaye alimsifu mama huyo. Mchana uleule mawe yalifika chuoni, moja kutoka paa la handaki na mchi mmoja kutoka mstari wa tatu, na fundi wa maabara akaombwa ayakate bila kuchelewa.

*

Kesho yake mchana Inspekta alikuwa amekaa kwenye stuli ndefu mbele ya hadubini. Mhadhiri, ambaye chuo kizima kilimwita Mwalimu, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na alitafuta ya kichwani mara mbili. Mezani kulikuwa na slaidi mbili, zilizofika zimefungwa kwa karatasi ya maabara, na Mwalimu alizifungua mbele yake. Kila moja ilikuwa kipande cha kioo kilichogandishwa utando wa jiwe, uliosagwa mpaka mwanga ukapita ndani yake.

"Kabla hatujatazama, dada, nikuchoree," alisema Mwalimu. "Ukitazama bila kuelewa utaona rangi tu, uondoke na rangi."

Akachukua penseli na karatasi. Alieleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kurudia, na Inspekta alijikuta akisikiliza kuliko alivyokusudia. Mwamba huu, alisema, ulianza kama tope chini ya maji. Ukafukiwa, ukashushwa chini ya milima, ukabanwa na kupashwa moto bila kuyeyuka. Humo ndani madini ya zamani yakavunjika na mapya yakaota mahali pake, na kila aina ya madini ina joto lake na mkandamizo wake. Haioti pasipo pake. Ndiyo maana mtu anaweza kuyatazama madini akajua mwamba ulifika wapi. Ganeti ni shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu hukua taratibu, tabaka juu ya tabaka, na kila kinachomgusa wakati anakua anakimeza na kukihifadhi.

Alikuwa anachora huku akisema. Alichora duara. Ndani ya duara akachora vijistari vilivyojizungusha kama gamba la konokono, akasema ganeti hii ilikuwa inabingirika wakati inakua, kwa kuwa mwamba ulikuwa unasukumwa pembeni. Kuzunguka konokono akaacha pete nyeupe. Hapo iliacha kukua, alisema, ikapumzika, halafu ikaanza tena. Nje ya pete akaongeza konokono wa pili. Mwisho akazitafuna kingo za duara kwa penseli, kotekote.

"Na hapa imeliwa. Mwamba ulipokuwa unarudi juu, ulivunjika, maji yakaingia kwenye ufa. Maji yakifika kwenye ganeti iliyopoa kiasi, ganeti inageuka kloraiti. Ndiyo huo ukijani wako. Laini, unateleza."

"Baruti inaweza kufanya hivyo?"

"Haiwezi, hata ukipiga baruti mwaka mzima. Huo ukijani ni wa zamani kuliko mtu yeyote."

Aliiweka slaidi ya jiwe la handaki chini ya hadubini, akaiwasha taa, akampisha Inspekta. Kila kitu kilikuwamo. Konokono, pete, konokono wa pili, kingo zilizotafunwa na kijani kikiingia ndani kwa vijia. Inspekta alitazama karatasi, akatazama tena hadubini, akastaajabu kidogo jinsi mchoro ulivyofanana.

Aliomba kuona slaidi ya pili, ile ya mchi wa stoo. Mwalimu akaibadilisha. Ganeti ilikuwa nzima, safi, duara tupu. Haikuwa na konokono wala pete.

"Kwa hiyo hii na ile si za mahali pamoja," alisema Inspekta.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. Akasema wasiharakishe. Ufa kama huo huenda ni mwembamba, na tundu la kuchoronga ni jembamba pia. Linaweza kuupita mlima mzima likaukosa ufa kwa urefu wa mkono. Inawezekana kabisa kwamba michi ya stoo ni ya kweli na kwamba hakuna mtu aliyekuwa na njia ya kujua. Angeandika hivyo kwenye taarifa yake. Mlima una siri zake, alisema, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu alichokariri.

Inspekta alijua taarifa ya namna hiyo itafanya kazi gani mahakamani. Kampuni itasema haikujua, mlima utasema hauna mdomo, na atakayebaki amesimama peke yake ni aliyewasha utambi.

Aliitazama tena ile karatasi. Mwanzoni alidhani Mwalimu amechora ganeti yoyote, kama mtu anavyochora mti au nyumba. Lakini ganeti yoyote haikuwa na pete. Ya stoo haikuwa nayo. Na karatasi ilichorwa taa ya hadubini ikiwa bado imezimwa.

"Samahani, Mwalimu," alisema, akishuka kwenye stuli. "Hebu nielekeze choo."

*

Chooni hakwenda. Alifuata mlio wa msumeno hadi chumba cha mwisho cha korido, ambako mwanamume mnene mwenye aproni ya mpira alikuwa anakata jiwe chini ya bomba la maji. Sakafu ilikuwa na uji wa kijivu. Kwenye rafu, ukuta hadi ukuta, kulikuwa na makopo matupu ya maziwa yaliyojaa vipande vya mawe.

Inspekta alimshukuru kwa kuyakata mawe yake upesi. Fundi akafurahi, maana ni wachache waliomshukuru. Makopo yalikuwa ya nini? Akaeleza kwamba slaidi huchukua utando tu. Kinachobaki cha jiwe hakitupwi, kwa sababu wahadhiri hurudi baada ya miezi na kudai utando mwingine.

"Hawa watu hawatupi jiwe, dada. Wangeruhusiwa wangelala nalo, mume akalale sebuleni."

"Langu la kijani lilikusumbua?"

"Hilo lako halikunisumbua, nilikuwa nimeshajifunza. La kwanza ndilo lililonitoa jasho. Linamegukameguka kama keki. Ikabidi nilimwagie gundi kwanza, ndipo nilikate."

Inspekta hakubadilisha uso. Akauliza, kama mtu anayevuta muda tu, hilo la kwanza lilikuwa la nani.

La Mwalimu mwenyewe, alisema fundi. Alilileta kabla ya mvua. Au tuseme alilileta kwa niaba ya kijana wake, yule aliyepata kazi kwenye handaki. Mtoto wa marehemu dada yake, ambaye amemlea tangu anatambaa. Kijana mwenyewe alikuja siku ya pili kulichungulia, mwenye adabu kweli, alimsaidia hata kupiga deki.

Inspekta aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Alikuwa amenawishwa mikono na mtu huyo, akaelekezwa kwa mama yake mdogo, na akaenda mwenyewe kwa miguu yake kama mbuzi anayefuata majani. Akaomba kuona kilichobaki. Fundi akapapasa kopo, akamwekea kiganjani kipande kidogo cha kijani chenye vidoa vyekundu vilivyochakaa.

Pande tatu zilikuwa zimekatwa na msumeno. Upande wa nne ulikuwa umejikunja kwa ulaini, kama ubavu wa chupa. Inspekta alipitisha kidole gumba juu yake mara kadhaa. Nyundo haivunji jiwe hivyo, wala mto haulisugui upande mmoja tu. Hicho kilikuwa kipande cha mchi. Mashine ilikuwa imekitoa mlimani kabla ya mvua, na marehemu watatu waliajiriwa mvua zilipokwisha.

*

Mwalimu alikuwa bado amekaa pale alipomwacha, na mchoro haukuwapo tena mezani. Inspekta akakiweka kipande mahali pake, upande wa mviringo ukiangalia juu. Akakaa.

"Fundi wako mkarimu," alisema.

Mwalimu alikitazama. Kisha akasema miamba ya namna hiyo iko mingi, na maabara hupokea mawe kutoka kila pembe.

"Hebu nioneshe mwingine wenye pete."

Nje ya dirisha wanafunzi walipita wakicheka jambo lao.

Inspekta hakupandisha sauti. Alimwambia alichokijua, kimoja baada ya kingine. Kwamba mchoro ulitangulia hadubini. Kwamba tundu la kuchoronga halikuukosa ufa hata kidogo, kwa sababu ufa wenyewe ulikuwa mezani hapo ukiwa na umbo la tundu. Kwamba mtu mwenye ufunguo aliutoa mstari wa tatu kwenye sanduku na kuweka michi ya mahali pengine, ila ncha zikakataana. Na kwamba Mtaratibu, aliyesema hajawahi kuliona jiwe hilo, ndiye aliyelileta humu ndani.

Hapo Mwalimu alivuta droo. Hakutafuta, mkono ulijua mahali. Akatoa slaidi ya zamani, ile ya jiwe la kwanza, akaiweka karibu na kipande, na kwa ukingo wa kucha akavisogeza mpaka vikakaa sambamba.

"Jana alinipigia," alisema. "Akasema polisi wataniletea jiwe. Akaniomba nilione kama mgeni."

"Ukakubali."

"Kuhusu jiwe sikukudanganya. Kila nilichokwambia ni kweli."

"Kuhusu jiwe," alikubali Inspekta.

Mwalimu akaanza kusimulia bila kuulizwa. Kijana alikuja nalo limefungwa kwenye leso, akiwa na furaha ya mtoto aliyeokota yai. Ganeti yenye pete haipatikani kila siku. Waliitazama pamoja mpaka jioni, wakibishana ilipumzika kwa sababu gani kabla ya kuendelea kukua, na ilikuwa moja ya siku nzuri za maisha yake, kwa sababu ndugu wengine wote waliona kazi yake ni kuokota mawe, na huyu mmoja tu ndiye aliyempenda pamoja na mawe yake. Aliposema hivyo machozi yalimjaa machoni, lakini hakuyafuta.

Inspekta alimsubiri. Alimwonea huruma, na huruma haikumzuia kutoa kalamu.

Alimweleza mambo yalivyokaa. Slaidi na kipande vilitosha kumtoa Fundi Baruti. Vilionesha kwamba mlima ulikuwa umeoza pale kabla yake na kwamba kampuni ilikuwa na ushahidi huo mkononi. Hilo lilikuwa limekwisha, na hakuhitaji neno jingine. Lililobaki lilimhusu kijana peke yake. Mwanajiolojia mchanga anaweza kuvutiwa na uzuri wa jiwe akasahau kuliuliza habari ya paa. Ikiwa hakujua maana ya ukijani ule, basi ni mzembe, na baadaye akaficha uzembe wake kwa woga. Mahakama inajua kumpima mtu wa namna hiyo. Ikiwa alijua, halafu akawaacha watu waingie, hilo ni jambo jingine kabisa, na miaka yake ni mingine. Siku ile mbele ya hadubini walikuwa wawili tu. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kusema.

"Sikulazimishi," alisema Inspekta. "Ni mwanao. Kama hukumbuki, nitaandika hukumbuki, na hakuna atakayekuja kukuuliza tena."

Mwalimu aliichukua slaidi, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Bila hadubini ilikuwa ukungu wa kijani tu wenye madoa. Aliishika muda mrefu kiasi kwamba Inspekta alianza kudhani hatajibu, na ndani ya nafsi yake hakujua angependa lipi.

"Siku ile hatukuongea habari za paa," alisema hatimaye.

Kalamu ya Inspekta iligusa karatasi.

"Ngoja. Sijamaliza." Mwalimu aliirudisha slaidi mezani. "Usiku nilikosa usingizi. Asubuhi nikampigia. Alikuwa anakunywa chai, nikasikia kijiko. Nikamwambia weka kijiko chini, unisikilize. Nikamwambia mahali hapo pameoza, watu wasiingie, wageuze njia. Nikamwambia arudie nilichosema, maana tangu mdogo huitikia tu ili nimwache. Akarudia. Neno kwa neno, akarudia."